Uyoga wa Mpakani

Nairobi, 14 Aprili 1996

Mama mdogo Bochaberi,

Nakusalimu wewe na mdogo wangu Chepkurui, na wale ng'ombe wanaokuamsha alfajiri. Mimi sijambo. Mvua ya huku imepitia dirishani na kulowesha vitabu vyangu viwili, lakini hivyo vitakauka. Nadhani huko Litein chai imeshaitikia mvua na mikono yako haipumziki.

Kifurushi ulichompa Mwalimu Gekara kilifika. Mursik, yale maziwa yako ya mgando, niliimaliza siku hiyo hiyo. Ule uyoga mkavu sikuula, na usikasirike. Nilipoupindua niliona hauna vile vijikunjo kama kurasa za kitabu ambavyo uyoga mwingi huwa navyo chini ya kofia. Una matundu madogo madogo kama sponji. Nilimwonyesha profesa wangu, naye akaweka kikombe mezani na kuuliza umetoka wapi. Kwa miaka miwili hajawahi kuweka kikombe chini kwa sababu yangu.

Unajua nimehangaika kiasi gani na hii shahada ya uzamifu. Wenzangu wote wamemaliza, mimi bado natafuta cha kuandika. Kama uyoga huu haujapewa jina na mtu yeyote duniani, nitaupa mimi, na shahada itakuwa yangu. Kwa hivyo nisaidie. Uchimbe pamoja na shina, usiung'oe. Ukate mmoja katikati uone nyama yake inageuka rangi gani. Mingine uianike juu ya jiko, mbali na moshi. Kwa kila mmoja niandikie tarehe, mahali ulipoupata, na mti uliokuwa karibu. La mti ndilo kubwa kuliko yote.

Mwanao,
Zack Ogeto

*

Litein, 5 Mei 1996

Zack mwanangu,

Barua yako ililala posta siku tisa kwa sababu hakuna aliyekwenda sokoni, barabara ilikuwa tope tupu. Sisi tu wazima. Chepkurui amerudi shule, kidato cha tatu, na sasa anasema atakuwa daktari. Mwezi uliopita alikuwa rubani. Mvua ya mawe imepiga chai ya upande wa juu. Ng'ombe mweusi amezaa dume, tumemsamehe.

Kwa hivyo chakula nilichokupikia tangu una miaka sita, ulipoletwa kwangu dada yangu alipokufa, leo ni utafiti. Haya. Unaota mpakani, chini ya ile mikaratusi kumi na miwili aliyopanda marehemu mume wangu Kipkemoi. Nimeukata kama ulivyosema, na kabla sijahesabu kumi ukawa wa buluu kama wino wa shule. Mahali pengine popote sijawahi kuuona, na nimeokota kuni katika nchi hii miaka ishirini na mitatu. Nakutumia sita.

Sasa jambo langu. Shemeji yangu Johana ameamka na neno jipya. Anasema mpaka kati yake na mimi si ile mikaratusi, ni mtaro ulio karibu na jikoni kwangu. Ukiangalia hapo, chai yangu yote imekuwa yake. Anasema mimi ni mwanamke wa kuja, na kama nataka kuchuma chai nirudi Kisii nikachume.

Siku shamba lilipopimwa walikuwepo watu watatu: Kipkemoi, baba yake, na wewe uliyeshika kamba. Wawili wako chini ya udongo. Unakumbuka Kipkemoi alikuzaba kofi ukiwa umeishika ile kamba, kisha akakupa ndizi? Ndivyo ukoo wake ulivyofanya. Mtoto hushikishwa kamba na kupigwa pale pale, ili wazee wakifa abaki mtu asiyesahau. Wazee watakaa mwezi wa nane, na Mzee Aron anayewasimamia ameshasema kwamba shahidi wa mpaka husema kwa kinywa chake, miguu yake ikiwa juu ya mpaka wenyewe. Nakuomba siku moja tu, Zack. Bila wewe sina shahidi mwingine.

Mama yako mdogo,
Phelis Bochaberi

*

Nairobi, 2 Juni 1996

Mama mdogo,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa mvua ya mawe. Mwambie Chepkurui udaktari unataka hesabu.

Uyoga ulifika umeoza. Nani alikwambia ufunge kwa plastiki? Ulikuwa na funza, na karani wa idara aliufungua mbele ya watu wote. Nilionekana mshamba siku nzima. Tumia gazeti.

Tena kuna jambo kubwa ambalo lazima ulielewe, nami nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Uyoga wa namna hii hauishi peke yake. Umeshikana na mizizi ya mti, mti unaulisha uyoga na uyoga unaulisha mti. Mkaratusi si mti wetu, uliletwa na wazungu kwa meli. Kama uyoga huu unaota chini ya mkaratusi peke yake, basi ulikuja na miche, huko ulikotoka una jina lake tayari, na mimi sina kitu. Lakini kama unaota msituni chini ya miti ya asili, ni wa kwetu, ni mpya, na mimi ndimi niliyeugundua. Kwa hivyo sitaki kusikia neno mkaratusi tena.

Nenda Kimulot, uingie msituni upande wa Mau. Nenda Longisa. Nenda Fort Ternan. Nataka ramani yenye alama, watu waone unaenea kutoka wapi hadi wapi.

Kuhusu mpaka, nakumbuka kofi. Nitakuja. Lakini siwezi kuondoka hapa kazi ikiwa nusu. Ramani ikijaa mapema, nitakuja mapema. Kwa hivyo jambo hilo liko mikononi mwako zaidi ya mwangu.

Zack

*

Litein, 30 Juni 1996

Zack mwanangu,

Salamu. Huku baridi ya mwezi wa sita imeingia hadi kwenye mifupa. Chepkurui amekuwa wa tatu darasani. Mimi niliteleza kwenye njia ya chai nikiwa na kapu limejaa, goti likageuka upande. Limevimba likawa kubwa kama kabichi. Daktari amenikataza kutembea mbali kwa miezi mitatu, kwa hivyo Chepkurui ndiye anayepeleka majani kituoni kabla ya shule.

Johana ameng'oa jiwe la mpaka la upande wa barabara. Nilimwona akilibeba na nikamuuliza analipeleka wapi. Alisema analipeleka kwao. Wazee wametaja siku, ni Jumamosi tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi. Iandike mahali utakapoiona.

Kimulot imefanyika. Ndani ya gazeti utapata mafungu manane. Nimeandika kila kitu ulichotaka: tarehe, mahali, na mti. Mti ni podo, ule wa asili wa msituni. Mkaratusi haukuwepo hata mmoja.

Phelis Bochaberi

*

Nairobi, 21 Julai 1996

Mama mdogo mpendwa,

Sijui nianze wapi. Nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Podo! Nilisoma karatasi yako mara tatu nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Profesa amenipa mkono mbele ya idara nzima. Anasema hakuna anayejua uyoga wa sponji unaoota chini ya podo, na kwamba jambo hili likisimama jina langu litajulikana hata ng'ambo.

Nimeamua kitu. Uyoga mpya hupewa jina la Kilatini, na anayeugundua huruhusiwa kutia jina la mtu ndani yake. Nitatia Bochaberi. Watu watalisoma jina Bochaberi vitabuni hata sisi tukiwa tumesahaulika. Sijui ni wangapi huko Litein wamewahi kufanyiwa hivyo.

Zimebaki Longisa na Fort Ternan. Usilegee sasa. Nakutumia vibandiko vyenye anwani ya profesa, ubandike kwenye vifurushi, maana vikija kwa jina langu hukaa mlangoni kwa bawabu. Tarehe 24 nimeiandika. Nitafika Ijumaa jioni, unichinjie jogoo.

Zack wako

*

Litein, 8 Agosti 1996

Zack mwanangu,

Jogoo nimeshamfunga kamba mguuni asizoee kutembea. Chepkurui anakusalimu, amekutandikia kitanda chake tayari, na bado siku kumi na tano.

Hii hapa Longisa, mafungu saba. Hii hapa Fort Ternan, manane. Miti nimeandika. Sasa ramani yako imejaa na huna kingine cha kungoja.

Johana amekuwa akipitapita kwa wazee na vibuyu vya maziwa. Mzee Aron alinipitia jana akanisalimia vizuri. Aliniambia, "Mama Chepkurui, mimi naamini maneno yako, lakini kuamini kwangu si ushahidi. Alete huyo kijana." Nilimwambia kijana anakuja. Alifurahi kweli. Mimi naogopa, Zack, sikufichi. Usiku nalala nikihesabu mikaratusi kichwani, moja hadi kumi na mbili.

Phelis Bochaberi

*

Nairobi, 20 Agosti 1996

Mama mdogo,

Natumaini goti limepoa. Barua hii nampa Mwalimu Gekara mkononi ili ikufikie kabla ya Jumamosi.

Profesa ameniteua niende ng'ambo kwenye mkutano wa wataalamu wa uyoga, nikaonyeshe ramani yetu. Ndege inaondoka Alhamisi. Jambo kama hili huja mara moja katika maisha ya mtu. Nilifikiri sana, na nikaona kwamba hata marehemu Kipkemoi angeniambia niende.

Usiwe na wasiwasi. Nimeandika ushahidi wangu wote kwenye karatasi niliyoambatisha, nimetia sahihi, na mhuri wa idara upo. Wazee wa siku hizi wanajua kusoma. Wasomee.

Jambo dogo. Jina la uyoga limebadilika kidogo, limechukua la profesa badala ya lako. Ni desturi ya huku, na alikuwa ametarajia. Najua wewe si mtu wa makuu.

Jogoo mchinjieni tu.

Zack

*

Litein, 1 Septemba 1996

Zack,

Sisi wazima.

Karatasi ilisomwa. Chepkurui aliisoma akiwa amesimama mpakani, na sauti haikumtetemeka. Johana aliomba kuishika, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza kama hiyo karatasi ndiyo iliyopigwa kofi. Watu walicheka. Mzee Aron hakucheka. Alisema wangesubiri hadi jua liwe utosini, labda gari limekwama mahali. Tulisubiri. Kisha akasema mpaka ni mtaro.

Asante kwa mhuri.

P. Bochaberi

*

Nairobi, 10 Novemba 1996

Mama mdogo,

Salamu nyingi. Nimesikitika sana kuhusu wazee. Watu wasiosoma wana shida zao. Nikipata wakati nitamwandikia chifu.

Mkutano ulikuwa mzuri ajabu. Walisimama kupiga makofi ramani ilipowekwa ukutani. Tasnifu nimeiwasilisha, wachunguzi ni watatu, na mmoja wao ni mzee wa ng'ambo anayejua uyoga wa sponji kuliko mtu yeyote. Nimeahidiwa kazi hapa chuoni mwakani. Nilikuletea kitambaa cha kichwa, kipo hapa.

Mbona kimya? Ukipata mwanya niokotee mingine ya Kimulot.

Zack

*

Nairobi, 9 Februari 1997

Mama yangu,

Nakuandikia mara ya tatu tangu mwaka jana bila jibu. Natumaini ni posta tu. Nakusalimu wewe, Chepkurui, na kila aliye hapo.

Nina shida kubwa. Yule mchunguzi wa ng'ambo alikwangua udongo uliogandia mashinani mwa uyoga wetu. Ameandika kwamba katika mafungu yote ishirini na matatu, ya Kimulot, ya Longisa na ya Fort Ternan, amekuta vipande vya majani na mizizi ya mkaratusi. Anauliza imekuwaje. Nimemjibu kwamba huenda gazeti lilikuwa chafu. Hakuridhika. Anakuja mwenyewe, tarehe 20 Machi, pamoja na profesa wangu, na wanataka kuonyeshwa mahali penyewe.

Mama, wewe ndiye uliyeokota. Waambie kwamba uliokota msituni, chini ya podo, kwa mikono yako. Huhitaji kusema mengi. Uwapeleke mahali palipo na podo, simama hapo useme. Ukisema, nitapona. Usiposema nimekwisha, watanipokonya shahada na kazi, na umri huu siwezi kuanza upya. Ni siku moja tu nakuomba. Mimi sina shahidi mwingine.

Najua nilikukosea mwezi wa nane. Nitakuja kukuomba msamaha kwa magoti. Nijibu upesi.

Mwanao,
Zack

*

Litein, Alhamisi, 13 Machi 1997

Zack,

Salamu. Umeuliza habari za kila aliye hapa, nami nitakupa. Chepkurui hayuko shuleni tangu mwezi wa kwanza. Ng'ombe mweusi hayupo. Johana ameniachia chumba kimoja na jikoni, na nachuma chai ile ile niliyoipanda na Kipkemoi, ila majani yanaingia kapuni mwa Johana. Goti halikunyooka. Hukuliuliza hadi lilipokwisha kuharibika, lakini nakuarifu.

Barua zako zote tatu zilifika. Posta haina makosa.

Sasa sikiliza ukweli kuhusu uyoga. Kimulot sikukanyaga. Longisa sikukanyaga, wala Fort Ternan. Ningefikaje, na goti nililokuandikia kwenye barua ile ile iliyokupa podo? Ulisoma podo mara tatu ukiwa kwenye ngazi na goti hukuliona. Uyoga wote uliotoka kwangu, kila fungu, niliuchimba mpakani chini ya mikaratusi ya Kipkemoi, nikiegemea fimbo. Nilikuambia tangu mwanzo kwamba mahali pengine popote sijauona. Huo ndio ulikuwa ukweli wote juu ya uyoga wako, nawe ulisema hutaki kuusikia. Basi nikakuandikia ulichotaka. Ulisema ramani ikijaa utakuja, na mimi nilitaka ijae haraka uje. Ningeandika unaota mwezini kama hiyo ingekuleta Jumamosi ile.

Sikufanya hivyo kwa kukuchukia. Wakati ule nilikupenda kama tumbo langu ndilo lililokuzaa. Chuki ilikuja baadaye, saa saba mchana, tarehe 24 Agosti, watu walipoanza kukung'uta nguo na kuondoka. Sijawahi kumchukia mtu hivyo, hata Johana. Johana alitaka shamba, anaeleweka.

Unaomba niwaonyeshe wageni mahali penyewe. Ningependa. Lakini mikaratusi ilikatwa mwezi wa kumi, yote kumi na miwili. Johana hakutaka kitu chochote kimkumbushe mtu mpaka wa zamani. Alichimba visiki, akavichoma, akalima, akapanda miche ya chai. Mvua ya vuli ilinyesha vizuri nikaenda kuangalia. Hapakuota kitu. Ule uyoga wako ulioenea nchi nzima ulikuwa na hatua arobaini za kuishi, na ungekuwapo hadi leo kama mtu mmoja angekuja kusema mikaratusi ile ni ya nani.

Mimi ushahidi nimekubali kutoa, maana aliyeona lazima aseme. Vibandiko vya anwani ya profesa vilikuwa vimebaki vinne. Nilimsimulia Chepkurui, naye akaandika kwa Kiingereza, kurasa tano, tangu kifurushi cha kwanza hadi visiki. Nimetia barua zako zote ndani, hasa ile ya tarehe 2 Juni. Nikatia sahihi yangu.

Ya profesa tuliipeleka posta Jumatatu. Hii yako naipeleka leo.

Phelis Bochaberi